Usiku wa Matokeo Arua

Mwaka 2017 nilikuwa fundi mdogo wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Arua, Uganda. Chuo kilikuwa na seva tatu za wavuti, yaani kompyuta zinazohudumia kurasa za mtandaoni: ya tovuti, ya maktaba na ya matokeo ya mitihani, lakini anwani ya IP ya hadhara, namba ambayo kwayo kompyuta hufikiwa kutoka kwenye intaneti, iliyolipiwa ilikuwa moja tu. Seva zenyewe zilikaa nyuma ya ukuta-moto, kifaa kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka, zikiwa na anwani za ndani zinazoanza na 192.168, ambazo mtu wa nje hawezi kuzifikia moja kwa moja. Mkubwa wangu wa kazi, mzee Mnubi wa Bombo aliyeniita "mwanangu" hata mbele ya mkuu wa chuo, aliamua tuweke proksi ya kinyume: kompyuta moja yenye Nginx, programu ya Mrusi Igor Sysoev iliyotolewa mwaka 2004, ipokee maombi yote, isome jina la tovuti inayotafutwa, kisha ichukue jibu kwa seva inayohusika na kumpa mwombaji.

Ufungaji wenyewe ulikwenda vizuri. Ukuta-moto uliruhusu poti 80 na 443 pekee, milango ya kawaida ya mawasiliano ya wavuti, kuelekea kwenye proksi, na cheti cha usalama cha kuficha mawasiliano ya tovuti, ambacho shirika la Let's Encrypt wakati huo lilikitoa bure kwa muda wa siku 90, kikawekwa hapo badala ya kuhangaika nacho kwenye kila seva.

Shida ilianza jioni matokeo ya muhula yalipotangazwa. Wanafunzi waliokuwa nje ya chuo walisubiri dakika nzima kisha wakaona kosa namba 504, ilhali maktaba, iliyopitia proksi ileile, ilifunguka bila tatizo. Wengi ofisini waliulaumu ukuta-moto, jambo la kawaida, kwa kuwa ndio kifaa ambacho hakuna anayekielewa.

"Mzee, registra, msajili wa chuo, anasema kwake matokeo yanafunguka," nilimwambia.

"Registra yuko ndani, mwanangu. Yeye hapiti kwenye proksi."

Alinieleza kwamba 504 hutoka kwa proksi iliyo hai inapoisubiri seva ya ndani isijibu. Nginx isipoagizwa vinginevyo husubiri sekunde 60. Kisha akaingia kwenye proksi yenyewe na kuiita seva ya matokeo: kimya. Akaiita kutoka kwenye kompyuta yake ya mkononi: ikajibu papo hapo. Tulipofungua orodha ya anwani zilizozuiwa kwenye seva ile tuliikuta moja tu, nayo ni ya proksi yetu. Seva ilikuwa na programu ya zamani ya ulinzi iliyomfungia yeyote aliyekosea nywila mara kadhaa, na kwa kuwa maombi yote ya nje sasa yalifika yakiwa na anwani ya proksi, makosa ya wanafunzi wote yalihesabiwa kuwa ya mtu mmoja.

Kuifungulia kulichukua muda mfupi. Kuzuia lisijirudie ndiko kulikotukesha. Proksi iliagizwa iandike anwani halisi ya mwombaji katika heda ya X-Forwarded-For, mstari wa maelezo unaotangulia ombi, na seva ya ndani iiamini heda hiyo ikitoka kwa proksi peke yake, maana ni maandishi tu na yeyote anaweza kujiandikia anwani aitakayo. Kazi ya kufungia anwani nayo ilihamia kwenye proksi, kwa sababu hata seva ikijua mwombaji ni nani, pakiti, yaani vipande vya data, zinazoifikia bado zinatoka kwa proksi.

Kumbukumbu za seva zilipoanza kuonyesha anwani halisi, tuligundua kwamba wanafunzi wengi waliotumia simu walishiriki anwani chache, kwani mitandao ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mzee akaamua tufungie kwa namba ya usajili badala ya anwani. Mimi sikuridhika sana, kwa kuwa mwenzako angeweza kukosea nywila yako makusudi ili akufungie, na nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, akapunguza muda wa kufungiwa kuwa robo saa.