Tunutu wa efemeroptera: tazama matamvua kabla ya mikia

Ukitaka kumtambua tunutu (mdudu mchanga aishiye majini) wa oda ya efemeroptera, mikia hudanganya. Wengi wana mitatu, baadhi ya Baetidae (moja ya familia zao) wana miwili, na hukatika ovyo wavuni. Anza na miguu: efemeroptera ana ukucha mmoja kila mguu, ukiona kucha mbili, huyo ni plekoptera, mdudu wa oda nyingine. Mweke kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo, kisha shika lenzi ya mara 10.

Aliyebapa, macho juu ya kichwa, aliyeng'ang'ania jiwe penye mkondo: Heptageniidae. Mwembamba anayechomoka kama dagaa: Baetidae.

Caenidae ndio wasumbufu, maana ni wadogo na hupakaa tope mwili mzima. Msugue taratibu kwa brashi laini. Juu ya tumbo utaona vibamba viwili vya mraba: ni matamvua (viungo vya kupumulia) ya pingili ya pili, yaliyopanuka kufunika yanayofuata yasizibwe na tope. Ndiyo maana anamudu maji yaliyotulia.

Ziwa Viktoria, mawe peke yake hayatoshi. Pasua gogo lililozama: Povilla adusta, wa Polymitarcyidae, hutoboa humo.

Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, chupa ijae hadi juu. Ethanoli ikichezacheza njiani, matamvua hung'oka na utambuzi umekwisha.