Siku yangu na seli zinazokula mfupa

Saa 11 alfajiri, Kimara. Leo Jumanne, siku ya kidonge cha mama. Anakinywa mara moja kwa wiki, kabla hajala chochote, kwa glasi nzima ya maji, kisha anakaa wima nusu saa bila kujilaza wala kuonja chai. Kikikwama njiani kinaunguza umio. Mwaka juzi aliteleza uani, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Hakuanguka vibaya hata kidogo. Mfupa ndio ulikuwa umeisha nguvu. Nakaa naye mpaka dakika zitimie, ndipo nampa uji.

Saa 12 na nusu niko kwenye mwendokasi, nimesimama mpaka mjini.

Saa 2, maabara ya patholojia. Naandaa vipande vya nyama na mifupa ili daktari avisome kwa hadubini. Mfupa mgumu haukatiki vizuri kwa wembe wa mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba, kwa hiyo nauloweka kwenye asidi ya fomiki siku kadhaa mpaka madini yatoke. Ukipitiliza, viini vya seli havishiki rangi. Iliwahi kunitokea, mgonjwa akalazimika kuchukuliwa kipande kingine. Tangu hapo naanza siku kwa kukagua vikopo vya asidi.

Osteoklasti, seli inayokula mfupa, hufanya kazi hiyohiyo, kwa ufundi ambao sitaufikia. Hujibandika juu ya mfupa, huziba kingo zake pande zote, halafu humwaga asidi hapo chini yake tu. Madini yakiyeyuka, kimeng'enya chake kiitwacho kathepsini K hukata nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Wiki chache baadaye kimebaki kishimo, na osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, huja kukijaza mfupa mpya kwa muda wa miezi. Hivyo ndivyo takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima inavyofanywa upya kila mwaka.

Saa 4, supu ya makongoro na chapati kwa mama ntilie. Haraka haraka.

Saa 6 mchana Dokta ananiita mimi na mwanafunzi wetu wa mazoezi. Ni slaidi ya kijana mwenye uvimbe wa mfupa karibu na goti. Imejaa seli kubwa kubwa, nyingine zina viini makumi.

"Hizi ndizo ugonjwa wenyewe?" mwanafunzi anauliza.

"Hapana. Tazama hizi ndogo zilizo katikati yao. Hizi ndizo zinazoziita."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi na bado nalipenda, maana osteoklasti huja ikiitwa. Inazaliwa kwenye uboho, katika ukoo wa seli nyeupe za damu ziitwazo monosaiti. Chembe hizo changa zikipokea protini ya RANKL kutoka kwa seli za mfupa, huungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Seli hizohizo za mfupa hutoa pia osteoprotegerini, ambayo huinasa RANKL kabla haijafika. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na mwito huzidi. Ndilo lililompata mama. Saratani ya titi ikihamia mfupani nayo huchochea mwito huo, na mfupa ukiliwa huachia vichocheo vinavyoikuza saratani.

Mwanafunzi anauliza kwa nini tusizizuie kabisa. Namweleza kuhusu watoto wanaozaliwa na osteopetrosi, ambao osteoklasti zao hazifanyi kazi. Mifupa yao huwa mizito lakini huvunjika kirahisi, uboho hukosa nafasi, damu hupungua. Baadhi yao hutibiwa kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, kwa sababu seli hizi asili yake ni huko. Anaandika yote daftarini.

Saa 9 naingiza kipande kipya kwenye asidi, naandika tarehe na saa kwenye kikopo.

Saa 2 usiku mama ananiuliza kidonge chake kinafanya nini hasa huko ndani.

"Kinashika mfupani, mama. Seli ikija kula inakimeza, inaishiwa nguvu."

"Zinakufa zote?"

"Si zote. Nyingine tunazihitaji."

Ananyamaza kidogo, anaugusa ule mkono. "Basi Jumanne ijayo uniamshe mapema, tusipitishe saa."