Kutoka Ripoti ya Hitilafu Hadi Hadithi

Watu wakisikia niliacha uhandisi wa umeme ili niandike hadithi, hunitazama kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Kazi ilikuchosha, eh?" Haikunichosha. Niliipenda, na mpaka leo nikipita chini ya nyaya za msongo mkubwa nainua kichwa kuhesabu vikombe vinavyozishikilia.

Kwa miaka 14 kazi yangu ilikuwa ulinzi wa mitambo. Si ulinzi wa rungu na tochi getini. Ni ulinzi wa rilei, vile vifaa vinavyokaa kimya ndani ya makabati ya chuma katika kituo cha kupoza umeme, vikipima mkondo usiku na mchana, na siku mkondo ukizidi vinaiamuru breka ikate. Rilei inaweza kukaa miaka bila kufanya lolote, kisha ikahitajika kwa nusu sekunde. Mshahara wangu wote ulikuwa wa hiyo nusu sekunde.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba rilei hupimika. Chukua moja ya mkunjo wa kawaida, yaani ile ambayo mkondo ukizidi zaidi nayo hukata upesi zaidi, iwekee kipimo cha muda cha 1, kisha ipe mkondo mara 10 ya ule iliopangiwa: inatakiwa ikate kwa sekunde 3 hivi. Ikikata kwa sekunde 3, unaweka tiki na kuhamia kabati la pili. Ikikata kwa sekunde 5, unafungua kifuniko uone kuna nini. Hakuna anayekuuliza ulijisikiaje.

Na niliandika. Hilo watu hawalijui kuhusu wahandisi, kwamba tunaandika kutwa kucha. Kila umeme ukikatika bila kupangwa, kuna ripoti. Nimeandika mamia. Nilisifiwa kwa ripoti zangu, kwa sababu zilikuwa fupi na hazikumgombanisha mtu na mtu. "Hitilafu ilitokea saa nane na dakika kumi na saba usiku. Laini namba 5 ilikatwa. Chanzo kilichunguzwa." Ukisoma rundo zima la ripoti zangu utadhani kituo kile kilikuwa hakina watu, vitu vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vikitembea huku na huku.

Sasa nieleze usiku ule.

Tulikuwa na fundi mmoja mzee, sote tukimwita Fundi tu, kana kwamba wengine tulikuwa wapita njia. Mimi aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, ingawa kwenye makaratasi nilikuwa bosi wake. Usiku huo tulitakiwa kuizima laini namba 4 ili mafundi wa njia wafanye kazi. Utaratibu ni mmoja na kila mtu anaujua usingizini: kwanza breka, kisha aisoleta. Breka imejengwa kukata umeme unaotembea. Aisoleta haikujengwa kwa hilo. Ni kisu kikubwa cha kutenganisha waya ambao tayari hauna mzigo, ili anayefanya kazi mbele aone kwa macho yake kwamba umetengana. Ukiifungua aisoleta ikiwa na mzigo, umeme haukubali kuachana. Unaruka hewani kutoka ncha moja hadi nyingine, na joto la mruko ule linaweza kuzidi la uso wa Jua.

Breka ya laini namba 4 ilikatwa. Fundi akatoka uani na tochi yake, akaenda kwenye aisoleta ya laini namba 5.

Mimi nilikuwa ndani, mbele ya paneli, redio ya mkononi sikioni. Nilimsikia akivuta pumzi, kwa sababu mkono wa aisoleta ile ulikuwa mgumu na ulihitaji mtu akaze miguu. Kisha nikasikia kitu kama turubai kubwa linachanwa. Dirisha likawa jeupe. Rangi ya kila kitu ilitoweka: meza, daftari, mikono yangu. Taa za paneli zikawaka nyekundu, breka ya laini namba 5 ikapiga kishindo chake, giza likarudi. Baadaye kumbukumbu za rilei zilionyesha milisekunde 400. Rilei hiyo niliipima mwenyewe miezi michache nyuma. Nilitoka mbio nikamkuta amekaa chini kwenye kokoto, kofia yake ya plastiki bado kichwani, ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Akaniambia, "Mwanangu, nimesoma nne."

Alipona. Mkono ulibaki na kovu na vidole viwili visivyokunja vizuri. Ripoti niliandika mimi. "Aisoleta ya laini namba 5 ilifunguliwa ikiwa na mzigo. Kufuli la kuzuia kosa hilo lilikuwa limeharibika. Mfumo wa ulinzi ulifanya kazi ndani ya milisekunde 400." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyopigiwa mstari na wakubwa. Fundi akapewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata akastaafu.

Nilianza kuandika hadithi miezi kama sita baada ya hapo. Sikuwa na mpango wa kuwa mwandishi. Nilikuwa silali vizuri, nikawa naamka saa kumi na nusu alfajiri, na badala ya kuhesabu dari nikafungua kompyuta. Niliandika kuhusu fundi aliyefungua aisoleta isiyo yake. Niliipa kurasa 19, nikampelekea dada yangu, ambaye huwa hamstahi mtu, ndugu wala jirani. Alinirudishia baada ya siku mbili. "Mdogo wangu, umeme nimeuelewa vizuri sana, asante. Huyu mtu ndiye sijamjua."

Nilikasirika, kisha nikahesabu. Katika kurasa 19, kurasa 6 zilikuwa maelezo ya jinsi breka inavyofanya kazi. Fundi alikuwa amesema sentensi nne. Na kila lilipofika jambo lenye uzito, mtu alitoweka: mlango ulifunguliwa, simu ilipigwa, namba ilisomwa vibaya. Nilikuwa nimeandika ripoti ndefu yenye mawingu na mwezi.

Kiswahili kinatusaidia mno kujificha. Sijui lugha nyingi, lakini sidhani nahitaji kujua nyingine ili nilione hili. Tuna kauli ya kutendwa, ile ya "ilifunguliwa", ambayo angalau inakiri kwamba kuna mtendaji mahali fulani ingawa hatajwi. Kisha tuna kauli ya kutendeka. Waya umekatika. Kikombe kimevunjika. Kufuli limeharibika. Hapo hata kivuli cha mtu hakipo, kitu kimejifanyia chenyewe. Mtoto wa miaka mitatu mwenye vipande vya kikombe miguuni tayari anaijua kauli hiyo, na hakuna aliyemfundisha.

Basi nikaamua kuiandika upya hadithi yote bila kuruhusu kauli hizo mbili kwenye matukio ya kituoni. Lilikuwa zoezi la kifundi tu, kama unavyotafuta hitilafu kwa kutenga sehemu moja moja ya waya. Kila kitendo kiwe na mwenyewe. Nani alikata breka? Nani alisoma namba? Zoezi likaenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kufuli.

Kufuli lile kazi yake ni kuzuia aisoleta isifunguke kabla breka yake haijakata. Lingekuwa zima, Fundi angevuta mkono ule mpaka asubuhi na usingesogea, angetukana kidogo, angeinua tochi akaona namba. Kufuli lilikuwa bovu miezi 5. Kipuri kilikuwa kikisubiriwa. Na kila mwezi kulikuwa na fomu ya kuamua kama laini izimwe au iendelee, na kwenye fomu hiyo, mara 5, mtu aliandika "iendelee kutumika kwa uangalifu" akatia saini.

Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka jua likatoka. Nilikuwa nimeandika ripoti rasmi, nimejibu maswali ya wachunguzi, nimemtembelea Fundi hospitalini mara tatu, na katika muda wote huo sikuwahi kuiunda sentensi hiyo moja yenye "mimi" mwanzoni. Hakuna aliyenikataza. Ripoti haikuwa na mahali pa kuiweka, nami sikupatafuta.

Hadithi ikabadilika. Ikawa ya mhandisi mwanamke anayesaini fomu ya sita.

Kuhusu kuacha kazi sina mengi, maana wengi huandika sehemu hii kwa mbwembwe. Niliandika alfajiri kwa miaka 4, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, kisha nikaenda kazini kama kawaida. Mwanzoni niliweka jedwali la kuhesabu maneno ya kila siku, na grafu. Grafu ilipanda vizuri sana. Hadithi niliyokuwa nikiiandika wakati huo ilikuwa imekufa tangu ukurasa wa 30, lakini grafu haikuwa na habari. Nikaifuta. Niliomba mkataba wa siku 3 kwa wiki, wakakataa kwa adabu, nikaandika barua ya kuacha. Ilikuwa na mistari minne na kila kitenzi kilikuwa na mwenyewe.

Wenzangu, kunitia moyo, walinitajia Dostoevsky, yule mwandishi Mrusi, kwamba naye alikuwa mhandisi. Ni kweli: alihitimu uhandisi wa kijeshi mwaka 1843, na mwaka uliofuata akaachana na kazi hiyo. Madeni yaliyomwandama baadaye huwa hawayataji. Mimi wa kunituliza ni Primo Levi, mkemia aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha rangi karibu miaka 30 huku akiandika, na Shaaban Robert wetu, aliyekaa miaka mingi akiwa karani wa forodha. Nikimwona kijana anashauriwa aache kazi leo ili afuate ndoto, natamani kumpeleka pembeni nimuulize ana akiba ya miezi mingapi. Hata mimi sijaacha kabisa. Wiki moja kwa mwezi napokea vibarua vya kupima rilei, na ile tiki bado inanifurahisha zaidi kuliko inavyopaswa.

Kwenye hadithi hakuna mashine ya kuingiza mkondo ukasubiri sekunde 3. Kipimo nilicho nacho ni kibovu lakini hicho ndicho kilichopo: namsomea dada kwa sauti huku nikimtazama mikono. Akianza kukunja ncha ya karatasi, hapo nimempoteza. Naweka alama, naendelea, na jioni narudi kufungua kifuniko. Mara nyingi nakuta nimeeleza kitu ambacho mhusika angekifanya tu. Mara nyingine sikuti kitu, na hapo sina ujanja, ninafuta.

Hadithi ya aisoleta ilimalizika mara ya 11. Kabla sijampelekea mhariri nilijua lazima Fundi aisikie. Nilikuwa nimembadilisha umri, familia, hata urefu, lakini mkono ni wake. Nilimkuta ameketi kivulini anatengeneza redio ya mtu, bisibisi mkono wa kulia, na wa kushoto akiutumia kama jiliwa, kushikilia tu. Nikamweleza nimekuja na nini.

"Soma," akasema, wala hakuiweka redio chini.

Nikasoma. Ilichukua karibu saa nzima. Alicheka mara mbili mahali nisipotarajia. Nilipofika usiku wenyewe sauti yangu ilipungua, akaniambia niongeze, masikio yake si ya zamani. Nikasoma jinsi yule mzee alivyotoka na tochi, alivyokaza miguu kwenye kokoto, alivyovuta, na aisoleta ikafunguka.

Bisibisi ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Aisoleta ikafunguka.

"Haikufunguka," akasema. "Niliifungua."

Nilitazama karatasi. Mara 11 nilikuwa nimepita juu ya neno lile. Kwingine kote nilikuwa nimeng'oa kila kitenzi cha namna hiyo, na hapo, kwa huruma au kwa woga, nilikuwa nimekiacha kimoja kimfichie. Nikatoa kalamu nikasahihisha magotini.

Akaendelea na redio yake. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Na yule aliyekuwa anasaini? Umemweka?"

"Nimemweka."

"Anaitwaje?"

"Hana jina. Anasema 'mimi'."

Akageuza skrubu mizunguko miwili, akaijaribu kwa kidole.

"Hapo hukupasoma vizuri," akasema. "Ulipita mbio. Anza tena kwenye fomu."

Nikafunua karatasi kurudi nyuma, nikapatafuta, nikaanza tena kwenye fomu.