Mwenye Koki

Jumamosi, usiku

Leo nimemwita mtu "mkubwa" mara nne, na mtu mwenyewe halipwi hata nusu ya mshahara wangu. Nilianza kuhesabu ile mara ya tatu, niliposikia sauti yangu ikilainika kama ya mtoto anayeomba peremende.

Ni keateka, yaani mwangalizi wa nyumba, wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi. Maji ya huku huja kwa zamu, na yakishafika hupandishwa kwenye matangi ya juu. Kati ya matangi na mifereji yetu kuna koki moja kubwa. Iko ndani ya kijisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wake unaning'inia shingoni mwa keateka kwa kamba ya kiatu. Nyumba ishirini, ufunguo mmoja.

Zamani alikuwa na kitabu cha risiti. Tarehe tano alipita mlango kwa mlango, na ukitaka kuongezewa siku mbili tatu ulimweleza yeye, naye "akaongee na landlodi". Kisha kodi ikahamia M-Pesa. Unabonyeza namba, ujumbe unaingia, umemaliza, hakuna wa kubembeleza. Nikadhani mzee wa watu kaishiwa. Wapi! Haikupita miezi miwili, ile koki ambayo miaka yote ilikaa wazi ikavishwa sanduku na kufuli. Eti watoto wanaichezea.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliigawa nguvu ya mtu juu ya mwenzake mafungu matano: kuweza kutuza, kuweza kuadhibu, cheo, ujuzi, na kupendwa kiasi kwamba watu wanatamani kuwa kama wewe. Baadaye Raven akaongeza la sita, yaani habari. Nikimpima mzee wetu, cheo hana, na kupendwa tuache. Habari ndiyo anayo, tena tele. Ukimuuliza maji yatafunguliwa saa ngapi, atatazama juu, atatazama chini, aseme, "Tutaona." Nina hakika mara nyingi saa anaijua. Lakini akiitaja, atabaki na nini? Hilo "tutaona" ndilo mshahara wake wa pili.

Basi leo asubuhi mama fua amekuja saa mbili kamili kama kawaida yake, mifereji mikavu. Nikamwambia akae kidogo, nikaendelea na simu. Hiyo "kidogo" ikawa karibu saa nzima. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, miguu ameiweka pamoja, mkoba mapajani, na mimi nilikuwa nacheka na dada yangu kuhusu harusi ambayo hata hatuendi. Sikuwa na nia mbaya. Ndiyo inayonisumbua: nia haikuhitajika. Kule chini mimi nilikuwa nangojeshwa, na huku juu nangojesha, na nusu yangu moja haikuwa na habari na ile nyingine.

Kisha akasimama, akajifunga leso vizuri. "Mama, wacha mimi niende ile nyumba ingine ya Donholm. Hii nitarudi Jumanne."

Jumanne! Sare za watoto zote zimo kwenye beseni, Jumatatu shule. Nikakata simu bila hata kuaga. "Aki dada yangu, ngoja basi, niende nimwone mkubwa. Chai umekunywa?" Miaka miwili ananifulia, na sikumbuki kama niliwahi kumwita dada yangu. Chai yenyewe nilikuwa nimekunywa mbele yake.

Mwanasosholojia Willard Waller aliliandika jambo hili mwaka 1938, akizungumzia wapenzi na wachumba: katika uhusiano wa watu wawili, anayeuhitaji kidogo zaidi ndiye anayeweka masharti. Wasichana wa Nairobi hawahitaji mzungu kuwaambia hivyo. Wanajua kabisa maana ya tiki mbili za buluu na kimya cha siku nzima. Ila mimi nilikuwa naliona kuwa jambo la mapenzi tu. Sikulitegemea pale mlangoni, kati ya beseni na kigoda, ambapo mwenye nyumba, mwenye pesa na mwenye kupanga siku nilikuwa mimi, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu: pengine pa kwenda.

Alienda, bila shaka. Chai alikataa kwa upole.

Mchana nikajaribu kile kijaribio cha mwanasaikolojia Adam Galinsky na wenzake cha mwaka 2006. Unamwambia mtu aandike herufi E kwa kidole kwenye kipaji cha uso wake, upesi. Wengine huiandika ili anayewatazama aisome sawasawa, wengine huielekeza kwao wenyewe. Waliokuwa wametoka kukumbushwa siku walipokuwa na mamlaka juu ya mtu, ndio waliielekeza kwao zaidi, karibu mara tatu ya wale waliokumbushwa siku walipokuwa chini ya mtu. Mwanangu wa miaka tisa aliiandika nikaisoma vizuri. Yangu, akasema, "Mami, umeandika imegeuka." Herufi moja ya kipaji cha uso haitoshi kumhukumu mtu, najiambia hivyo. Na ukubwa gani basi niliokuwa nao, nami sina hata maji ya kunawa?

Nimenunua mitungi mitatu kwa kijana wa mkokoteni, nimefua sare mwenyewe. Kola za shati zinaumiza vidole, sikujua. Au nilikuwa nimesahau.

Saa tatu na nusu usiku mabomba yakakohoa. Milango yote ikafunguka, ndoo zikaanza kugongana ngazini, mtu wa ghorofa ya tatu akapiga kelele za goli. Nilipochungulia chini, keateka alikuwa amesimama kando ya kijisanduku, tochi mkononi, akitazama juu, uso mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mbuzi wake.

"Madamu, maji imekuja!"

"Asante sana, mkubwa!"

Hiyo ndiyo ya nne.