Januari kwenye visiwa vya Seto

Nimeingia Okayama, Japani, saa tatu usiku, soksi bado mbichi, na kabla ya kuvua koti nimeona niandike, maana kesho nusu nitakuwa nimeshaisahau. Siku mbili, visiwa viwili vya Bahari ya Ndani ya Seto: Naoshima jana, Teshima leo. Wengi huja hapa wakati wa tamasha lao la sanaa, lile la kila miaka 3 lililoanza 2010, na nasikia siku hizo foleni za boti si mchezo. Mimi nimekwenda kwenye baridi kwa sababu vyumba ni rahisi na sipendi kuangalia kitu huku mtu ananipumulia kisogoni.

Hii ni mara ya pili kujaribu. Mwaka jana nilivuka hadi Teshima katikati ya juma nikakuta jumba la sanaa limefungwa. Kumbe majira ya baridi hufunga siku kadhaa za katikati ya juma, na ratiba ilikuwa wazi kabisa mtandaoni. Sikusoma. Nikakaa gatini saa mbili kungoja boti ya kurudi, nakula mkate.

Kwetu Unguja Januari ni kaskazi, watu wanatafuta kivuli. Feri ya kutoka bandari ya Uno kwenda Naoshima ni dakika 20 tu, nami nikajitia kusimama nje, mtoto wa kisiwa bwana. Nilidumu dakika tano. Nikaingia ndani kukaa karibu na hita pamoja na wazee waliobeba vitunguu na makopo ya mafuta ya taa. Boga la manjano, sanamu ya msanii Yayoi Kusama, lililowekwa ufukweni 1994, kimbunga kililizoa Agosti 2021 na jipya likarudishwa Oktoba 2022. Nimelipiga picha kama kila mtu, basi.

Nilichokifuata Naoshima ni jumba la sanaa la Chichu. Jina lenyewe maana yake ni ndani ya ardhi, na ndivyo lilivyo: msanifu Tadao Ando alilizika jumba zima kilimani ili lisiharibu sura ya kisiwa, likafunguliwa 2004. Ukiwa nje huoni ukuta wa maana. Ndani, zege tupu, na mwanga unaoshuka kutoka juu.

Kuna chumba cha mchoraji Monet. Unavua viatu, unapewa malapa, unaingia juu ya sakafu ya vijiwe vidogo vya marumaru, vyeupe, kila kimoja kama kipande cha sukari guru kilichokatwa vizuri. Michoro mitano ya mayungiyungi ukutani. Hakuna taa hata moja. Kinachoangaza ni jua tu, na jana jua lenyewe lilikuwa linajificha. Nilipoingia, ile picha kubwa ilikuwa ya kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo, nikajisemea moyoni, haya ndiyo niliyolipia? Nikakaa. Wingu likasogea. Zambarau ikatoka chini, halafu kijani, halafu pembeni kukawa na uwaridi ambao naapa haukuwepo. Baada ya muda wingu likarudi, nayo picha ikazimika taratibu. Sijui nilikaa muda gani. Msimamizi alibadilishwa mara mbili nami bado nipo.

Nikamkumbuka bibi. Monet alichora mayungiyungi ya miaka yake ya mwisho akiwa na mtoto wa jicho, na hakufanyiwa upasuaji hadi 1923. Bibi naye kabla hajafanyiwa wake alikuwa akiniambia, mwanangu, mimi bahari naiona, ila haina ukingo. Nilikuwa nadhani analalamika. Jana, mbele ya ile picha isiyo na ufuko wala upeo, nimeona alikuwa ananieleza tu anachokiona.

Jioni nikapita kijiji cha Honmura, kwenye nyumba kuukuu iitwayo Kadoya. Sakafu imegeuzwa kidimbwi, na ndani ya maji kuna tarakimu 125 za umeme zinahesabu gizani, nyingine mbio, nyingine kwa uvivu. Ni kazi ya Tatsuo Miyajima ya 1998, na kasi ya kila tarakimu ilipangwa na mkazi mmoja wa kisiwa, watoto kwa wazee. Wageni tulikuwa wawili, mimi na baba mmoja mwenye mafua. Nilichagua tarakimu moja ya kona, ya pole pole mno, nikaamua mwenyewe kwamba hiyo ni ya mzee fulani asiyetaka kuharakishwa na mtu.

Teshima ni habari nyingine. Kisiwa hiki, kabla ya sanaa, kilijulikana kwa taka. Taka za viwanda zilitupwa hapa kinyume cha sheria kwa miaka mingi hadi 1990, na wakazi wakapigana na serikali ya mkoa mpaka wakapata suluhu mwaka 2000. Zaidi ya tani laki 9 zikazolewa na kusafirishwa kwa meli hadi Naoshima kuchomwa, kazi iliyokwisha 2017. Nilikuwa nikiyawaza hayo wakati napanda kilima kwa baiskeli ya kukodi, ya umeme, ingawa umeme wenyewe ulinisaliti kabla ya kufika juu. Nikamalizia kwa magoti. Upande wa pili unaona ngazi za mashamba ya mpunga, makavu, halafu bahari, halafu kitu cheupe kimelala majanini kama tone.

Hilo ndilo jumba, la msanii Rei Naito na msanifu Ryue Nishizawa, 2010. Zege moja lililojipinda, karibu mita 60 kwa 40, halina nguzo hata moja. Waliumba kichuguu cha udongo, wakamwaga zege juu yake, kisha wakauchimbua ule udongo kutoka chini. Juu kuna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo, kwa hiyo baridi ya ndani ni ileile ya nje, na ukikohoa kila mtu anajua. Kupiga picha hakuruhusiwi. Sakafuni maji yanatoka kwenye vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Tone linavimba, linatetemeka, halafu ghafla linakimbia kama kimjusi, linalivaa lenzake, yanakuwa mkia, yanaishia dimbwini. Nilichuchumaa kufuata tone moja. Lilisimama karibu na kidole changu cha mguu, likangoja. Upepo ukapita tunduni, likaondoka. Nikajikuta nacheka peke yangu, mama mmoja wa Kijapani akanitazama, naye akacheka.

Jua likizama mapema hivi, muda ni mchache. Nikateremka hadi pwani ya Oji, kwenye kibanda cheusi ambamo msanii Christian Boltanski, aliyefariki 2021, aliweka mkusanyo wa mapigo ya mioyo ya watu kutoka nchi mbalimbali. Unaingia chumba cha giza, balbu moja inawaka na kuzimika kwa mdundo wa moyo wa mtu usiyemjua. Ukitaka na wako unarekodiwa, unawekwa humo na wengine, nawe unapewa nakala kwenye CD. Nikarekodi.

Sina cha kuchezea CD, nani anacho siku hizi? Mwenzangu tunayekaa naye ana kompyuta kuukuu, nikampigia mama kwa video nikaisogeza simu kwenye spika. Nilikuwa nimeshamweleza habari za maji sakafuni, akauliza kama nauli nimelipa kwa hayo. Sasa akanyamaza, akasikiliza hadi mwisho, jikoni kwake nasikia sufuria inachemka.

"Mbona unakwenda mbio hivyo, mwanangu? Unaumwa?"

Nikamwambia ni kile kilima, mama, na betri ya baiskeli.

"Hebu rudisha tena," akasema.