Kwa nini tiba ya Edna Foa humrudisha mgonjwa kwenye kumbukumbu anayoikimbia

Aliyenusurika ajali mbaya au kubakwa huambiwa na kila anayemtakia heri: "Sahau, usiikumbuke tena." Wanasema kwa upendo, lakini kuikwepa kumbukumbu ndiko kunakoilisha hofu. Edna Foa, mwanasaikolojia tiba aliyezaliwa Haifa, katika Israel ya leo, mwaka 1937, ameijenga juu ya jambo hilo tiba yake ya watu waliojeruhiwa kisaikolojia na tukio la kutisha, inayoitwa kwa Kiingereza Prolonged Exposure.

Baada ya shahada ya uzamivu huko Missouri, Marekani, alikwenda Philadelphia kujifunza kwa Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyemsogeza mgonjwa karibu na kinachomtisha ngazi kwa ngazi, mwili ukiwa umelegezwa. Foa alibaki na zile ngazi, lakini kumtuliza mgonjwa wakati anakabili hofu hakukuwa tena nguzo. Mwaka 1986, pamoja na mtafiti mwenzake Michael Kozak, alieleza sababu: hofu hairekebishiki mpaka iamshwe, kisha ikutane na ushahidi mpya unaoipinga.

Tiba huchukua vikao 8 hadi 15, kila kimoja dakika 90. Vikao viwili vya mwanzo ni vya kueleza mantiki ya tiba, kufundisha kupumua taratibu, na kuandika orodha ya mambo salama ambayo mgonjwa anayakwepa, kila moja likipewa alama ya hofu kati ya 0 na 100. Kwa aliyepata ajali ya gari, kukaa ndani ya gari lililoegeshwa huenda kukawa 40, na kuendesha barabara kuu 90. Huanza na ya 40 au 50, akabaki hapo dakika 30 hadi 45, au mpaka hofu ishuke kwa nusu. Akiondoka hofu ikiwa kileleni, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Kikao cha tatu ndicho kizito. Mgonjwa hufumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatokea sasa hivi: "Naona taa, nasikia breki." Akimaliza anarudia, kwa dakika 30 hadi 45, na kila baada ya dakika 5 anaulizwa alama yake ya hofu. Kisha wanazungumzia kilichojitokeza, hasa lawama anazojibebesha. Simulizi hurekodiwa, naye huisikiliza nyumbani kila siku. Vikao vya baadaye hurudia zile sehemu chache zinazouma zaidi, moja moja.

Tiba hukwama kwa njia mbili. Wapo wanaosimulia kama wanasoma ripoti ya polisi; hao waulizwe harufu, joto, mikono ilikuwa wapi. Wengine huzama mpaka wasijue wako chumbani. Hao wafumbue macho, wasimulie kwa wakati uliopita, au waandike. Ila kosa ninaloliona baya zaidi ni la mtaalamu mwenyewe: machozi yakianza, anakatiza simulizi kwa huruma. Mgonjwa anaondoka akiamini kumbukumbu yake inamtisha hata daktari.

Kupumua kule taratibu ni kwa ajili ya siku za kawaida. Wakati wa kukabili hakutumiki. Na anayeishi bado na mtu anayempiga asiwekewe ngazi zozote za kumzoea, kwa sababu hofu yake inamwambia kweli. Huyo anahitaji kwanza mahali salama pa kulala. Vilevile, mwenye mpango wa kujiua sasa hivi huhudumiwa kwa hilo kabla ya simulizi yoyote.