Dima ya sebuleni: nilivyofunga swichi janja ya kupunguza mwanga, Dodoma

Tuseme ukweli, kuwasha taa kwa simu ni raha ya wiki ya kwanza. Ikipita hiyo, mkono unarudi wenyewe ukutani. Mimi kilichonifanya nitafute swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mafundi wanaiita dima, ni macho ya mama. Alikuja kukaa nasi hapa Ilazo akitokea Mpwapwa, anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, na sebule yetu ni ya zile zenye dari ya jipsamu na taa sita za kuzama, nyeupe pe. Ukiziwasha, hata sisi tunaoona vizuri tunakunja uso.

Mwenye mtoto wa jicho ana shida mbili zinazovutana. Giza linamnyima kuona, na mwanga mkali nao unamtawanyikia machoni mpaka anaona ukungu mtupu. Mama akawa anaangalia taarifa ya habari huku kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nikaona hapana, hapa panatakiwa taa inayopanda na kushuka.

Dima ya kawaida ya kuzungusha, isiyo na mambo ya simu, ingeweza kutosha, na sitamcheka anayeichagua. Mimi nilitaka janja kwa sababu ya saa. Kazini kwangu ni Mtumba, siku nyingine narudi usiku umeshaingia, na nilitaka taa ziwake zenyewe jua linapozama, kwa mwanga wa wastani, mama asianze kupapasa ukuta.

Shemeji yangu aliyeko Marekani alijitolea kuniletea ya huko. Nilimshukuru, nikamwambia alete viatu. Umeme wao wa majumbani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Swichi nyingi za kwao zimetengenezwa kwa volti zao tu. Na hata ukipata inayokubali volti zetu, boksi lao la ukutani ni jembamba la kusimama, wakati letu ni la mraba, lile mafundi wanaloliita tatu kwa tatu. Uso wa swichi zetu ni milimita 86 kwa 86, na ndiyo namba ya kutafuta unapoagiza.

Kuna jambo moja wauzaji wengi hawalisemi, pengine kwa sababu hawaulizwi. Dima za sasa hazipunguzi volti kama tunavyodhani, zinakata umeme vipandevipande. Umeme wetu unakuja kwa mawimbi, nusu wimbi 100 kila sekunde, na dima inaondoa kipande cha kila nusu wimbi. Jicho haliwahi kuuona mkato wenyewe, linaona mwanga umepungua. Dima za zamani hukata mwanzo wa wimbi. Hizo zilitengenezewa balbu za waya, zile za wati 60 na wati 100, na nyingi hazitulii mpaka zipewe mzigo mkubwa. Taa zangu zote sita za LED zikijumlishwa hazizidi wati 30. Aina nyingine hukata mwisho wa wimbi, na hiyo ndiyo inayoelewana na LED. Kwenye boksi utakuta imeandikwa "trailing edge". Niliyonunua mimi ni ya aina hiyo, na ina vitufe vya kubonyeza. Zile za kioo cha kugusa zinapendeza, ila mama aliijaribu ya dukani, akagusa weee, akaniuliza, "Mwanangu, sasa hapa nabonyeza wapi?" Tukaiacha palepale.

Swichi ilipatikana bila shida. Balbu ndizo zilizonitembeza.

Balbu ya LED ina kidude ndani yake kinachogeuza umeme kabla haujafika kwenye taa yenyewe. Kama hakikutengenezwa kukubali dima, basi hata uwe na swichi ya bei gani haitakusaidia kitu. Balbu nyingi zinazouzwa madukani kwetu hazikubali, na muuzaji mmoja pale mjini aliniapia kabisa kwamba "LED zote ni sawa tu, dada." Si sawa. Geuza boksi, utafute neno "dimmable". Lisipokuwepo, ihesabu kuwa haikubali. Niliagiza Kariakoo balbu za wati 5 za pini mbili nene, zinazoingia kwenye soketi zangu zilezile za darini, na mpwa wangu akapanda nazo SGR mpaka Dodoma. Nilichukua za mwanga wa njano, 2700K. LED nyingi ukizipunguza haziwi nyekundunyekundu kama balbu ya waya ilivyokuwa, zinabaki na rangi yake. Kwa hiyo nyeupe ya 6500K ukiipunguza itakuwa nyeupe hafifu ya kama hospitali usiku, na sikuitaka.

Fundi tuliyemwita amesomea umeme VETA na ana leseni ya EWURA. Niliiomba kuiona, hakukasirika. Alimsalimia mama shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi akazima, akarudi akajaribu kwa testa kwenye swichi ya sebuleni, kisha akaenda kuijaribu testa yenyewe kwenye soketi ya jirani kupitia uzio, ambako umeme ulikuwepo, kuhakikisha haimdanganyi. Hapo nikajua nimepata fundi.

Alipofungua ile swichi ya zamani, ndani ya boksi mlikuwa na vumbi jekundu la Dodoma limejaa kwenye kona, utando wa buibui, na nyaya mbili tu, zote nyekundu. Akanitazama.

"Dada, hapa nyutro hakuna."

Nyutro ni ule waya wa kurudishia umeme, na swichi ya kawaida haiuhitaji. Waya wa moto unaingia, unatoka kwenda kwenye taa, basi. Nyutro inapita juu darini, inakwenda kwenye taa bila kushuka ukutani, na nyumba nyingi za kwetu zimefungwa hivyo, inaokoa waya. Lakini swichi janja ni kifaa kinachoishi saa zote: kinasikiliza Wi-Fi hata taa zikiwa zimezimwa, kwa hiyo kinahitaji umeme wake, na umeme wake unataka nyutro ya kurudia. Zipo zinazofanya kazi bila nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo kwenye balbu zenyewe ili ziendelee kuwa hai, na ukiwa na LED chache za wati ndogo unaweza kukuta usiku taa zimezimwa lakini zinang'aa kwa mbali. Dawa yake ni kufunga kapasita ndogo sambamba na taa. Nilikuwa nimeshalisoma hilo kabla, ndiyo maana nilinunua inayotaka nyutro, nikajua kazi ya kuishusha itakuwepo.

Na hiyo kazi haikuwa ya kutisha. Bomba la plastiki lililoko ukutani lilikuwa na nafasi. Fundi alipanda darini kupitia mfuniko wa korido, akafunga waya mweusi wa nyutro, wa unene wa milimita za mraba 1.5, kwenye waya mgumu wa chuma, akausukuma ukashuka, mimi nikiupokea chini kwa koleo. Ulikwama kwenye kona mara kadhaa, akaupaka sabuni ya maji, ukapita. Alichosisitiza ni kwamba nyutro hiyo itoke kwenye sakiti ileile ya taa. Ukiazima ya soketi kwa sababu iko karibu, siku mtu anazima breka ya soketi na kudhani pako salama, kumbe waya ule bado unabeba umeme wa taa.

Kuunganisha kwenyewe kulikuwa kwa dakika chache. Moto unaingia L, nyutro N, na waya unaokwenda kwenye taa unakaa palipoandikwa L1. Boksi letu ni la chuma, likafungiwa eathi. Tatizo likawa kina: dima ni nene kuliko swichi ya kawaida, ina joto lake, na nyaya zinataka pa kukunjwa. Boksi la kwetu ni refu kwenda ndani, likameza. Ukiwa na boksi fupi, lile la kina cha milimita 25, utalazimika kulichimbua au kuweka fremu ya kuinua uso wa swichi, kwa hiyo pima kwanza ndipo ununue.

Kabla hajabadilisha balbu zote, fundi aliacha moja ya zamani makusudi, nione. Tukawasha zote kwa mwanga kamili, hakuna tofauti. Tukaanza kushusha. Mpya zikashuka polepole, kwa utulivu. Ile ya zamani ikabaki palepale inang'aa, halafu ikaanza kucheza na kutoa mlio mwembamba wa mbu, na ghafla ikazima wakati wenzake wanaendelea. Mama alicheka, akasema hiyo imegoma.

Kuunganisha na simu ni kazi ambayo watu wanaiogopa bure, ila ina mtego mmoja. Swichi nyingi za aina hii hutumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, na ruta nyingi mpya hutoa masafa mawili, 2.4 na 5, kwa jina moja. Simu inakamata 5, swichi inatafuta 2.4, mnazungushana. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikazipa majina mawili tofauti, nikaiweka simu kwenye ile ya 2.4, nikabonyeza kitufe cha swichi bila kuachia mpaka kitaa chake kikapepesa harakaharaka, programu ikaiona. Kama nyumbani unategemea hotspoti ya simu yako, jua kwamba ukiondoka na simu umeondoka na intaneti ya swichi. Vitufe vitaendelea kufanya kazi, lakini kuiamuru ukiwa mbali hutaweza.

Ndani ya programu kuna mambo mengi ya mapambo. Yaliyonifaa ni machache. Kwanza aina ya taa, niliichagua LED. Kisha kiwango cha chini kabisa: unashusha mwanga mpaka balbu zianze kucheza, unapandisha kidogo mpaka zitulie, na hapo unapafanya kuwa sakafu, isishuke tena chini ya hapo. Kwangu ilitulia kwenye asilimia 12. Halafu ratiba. Programu inaweza kufuata kuzama kwa jua kwa mahali ulipo, na kwa Dodoma ni sawa tu, jua letu halihamihami sana mwaka mzima. Jua likizama taa zinawaka kwa asilimia 40. Saa tatu usiku, yaani 21:00 ya simu, zinashuka mpaka 20. Anayetaka kusoma au kushona anabonyeza juu, basi.

Umeme ukikatika na kurudi, swichi inahitaji kuambiwa ifanye nini: iwashe, ibaki imezima, au irudi ilipokuwa. Angalia mpangilio huu siku ileile ya kufunga, usije ukashtushwa na sebule inayowaka saa nane usiku. Mimi nimechagua irudi ilipokuwa, kwa sababu sitaki umeme urudi saa mbili mama akiwa amekaa gizani, na nikaongeza ratiba ya kuzima saa saba usiku kwa ajili ya siku ambazo tumelala umeme haupo. Fundi alishauri pia kinga ya umeme wa kushtukiza kwenye boksi la breka, kwa kuwa kifaa chenye elektroniki hakipendi umeme unaorudi kwa kishindo wala radi za masika. Nimeifunga.

Watu wananiuliza kama inaokoa LUKU. Hesabu ni hii. Wati 30 kwa saa tano kila jioni ni kama uniti 4.5 kwa mwezi. Kwa uniti ya karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 1,600 hivi. Hata dima ikikata nusu, nimeokoa kama 800, na swichi yenyewe inakula kidogo mchana kutwa ikisubiri amri. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, shilingi 1,500, ni kubwa kuliko hiyo. Anayekuuzia dima kwa hoja ya kuokoa umeme, wakati nyumba yako imeshahamia LED, mwambie apige hesabu mbele yako.

Mama ameshafanyiwa jicho la kulia. Sasa analalamika sebule ni giza, nimepandisha ya jioni mpaka 60.

Feni ya chumbani kwake ipo kwenye kidhibiti chake cha mwendo, na hapo dima ya taa haiingii. Mota itanguruma na kupata moto. Korido nayo haijafungwa. Ina swichi mbili, moja kila mwisho, za tu-wei, na dima niliyonayo haikubali kushirikiana na swichi ya kawaida upande wa pili. Ningelazimika kununua jozi inayowasiliana, au kuiondoa moja na kuweka kitufe maalumu. Kwa usiku mmoja mmoja wa kwenda msalani, nimeweka pale balbu ya wati 3 ya njano, haina Wi-Fi, haina ratiba, na hakuna aliyeilalamikia.